Plagi mbili za Ruaha Mbuyuni

Swali la wiki hii linauliza kama tumewahi kukutana ana kwa ana na mtu tuliyefahamiana naye mtandaoni, na kama alikuwa yule tuliyemtarajia. La kwanza najibu ndiyo. La pili lina maelezo.

Naishi Iringa, nafundisha sekondari, na naendesha Honda XL 125 aliyouziwa baba alipostaafu ubwana shamba. Wanaozijua pikipiki hizi hawahitaji kuelezwa: miguu mirefu, taa za volti 6 zinazomulika kwa kujikokota, na injini isiyokufa mradi uibadilishie oili kwa wakati. Spea ndiyo kasheshe. Kwa hiyo nikaingia kwenye kundi la WhatsApp la wenye pikipiki za zamani, ambako huyu ana klachi ya kuuza, yule anatafuta kioo cha taa, na kila mtu ana ubishi wake.

Picha yangu huko ni tangi la pikipiki, jina ni herufi mbili tu. Wakaniita kaka, nami nikanyamaza. Nilishaona kinachotokea mwanamke akiuliza habari za kabureta: anaanza kuelezwa breki ya mguu iko upande gani.

Mbishi wangu mkubwa alikuwa mtu wa Morogoro, mwenye XL kama yangu. Tuligombania jeti kuu ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli inayoingia kwenye injini. Mimi nimefunga ndogo kuliko ile ya kiwandani, kwa sababu ya kiwandani inaijaza masizi plagi, ile inayotoa cheche za kuwasha petroli, na pikipiki inakosa nguvu. Yeye akawa anatuma sauti ndefu ndefu: jeti ndogo inapitisha petroli kidogo, injini inachemka, siku moja utatoboa pistoni. Kila sauti ilimalizikia hapo hapo: "Acha ubishi, kijana." Nami nikawa namjibu vivyo hivyo, acha ubishi na wewe.

Mwisho akasema maneno hayatoshi, tukutane na pikipiki zenyewe. Tukachagua Ruaha Mbuyuni, mpakani mwa mikoa yetu, mchana wa Jumamosi, kwenye mgahawa wa barabarani wenye watu wengi. Wifi yangu nilimwachia namba ya huyo mtu na jina la mgahawa. Sioni aibu kulisema hilo, na binti yeyote anayenisoma hapa namshauri afanye hivyo hivyo hata kama anaenda kukutana na askofu.

Nilifika mapema, nikaagiza soda. Pikipiki ikaingia, mlio wake nikaujua kabla sijaiona. Mtu akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye XL yangu, akachuchumaa, akaanza kukagua cheni. Alipovua kofia ngumu nikaona kichwa cheupe kabisa. Mzee! Rika la marehemu baba, huyu niliyekuwa nikimwambia aache ubishi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mwenye hii pikipiki yuko wapi?"

"Ni mimi, mzee wangu."

Akanitazama, akaitazama pikipiki, akanitazama tena. Akasema, "Haya," akaingia ndani kunawa mikono.

Chakula kile kilikuwa kirefu. Mtu niliyemzoea kwa sauti zisizokwisha alikula wali wake kimya. Nikamuuliza habari za njiani, maana kutoka Morogoro unakatiza Hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 za barabara kuu huku wanyama wakivuka watakavyo. "Tembo walikuwepo," akasema, akaendelea kula. Nilianza kufikiria namna ya kuaga kwa heshima.

Kilichotuokoa ni spana ya plagi. Aliitoa kwenye mfuko wa koti akaiweka mezani kati yetu, akaniuliza kama niko tayari. Tukaziendesha mpaka upande wa pili wa daraja na kurudi, resi imefunguliwa yote, kisha tukazima injini bila kuziacha ziungurume, kwa sababu zikiunguruma zimesimama plagi inabadilika rangi na kukudanganya. Tukafungua kwa kitambaa, vyuma vinaunguza. Plagi yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ndivyo inavyotakiwa. Yangu ilikuwa nyeupe pee, dalili ya injini inayonyimwa petroli.

"Unaona, mwanangu?"

"Naona. Sasa twende juu."

Akakubali palepale. Tukaupanda mlima Kitonga, yeye mbele, malori yakijivuta kwa gia ya kwanza na kutufukizia moshi kwenye kona, bonde likiwa chini yetu upande mmoja. Katikati ya mlima nikaanza kumfikia bila kuongeza resi. Pikipiki yake ilikuwa inakohoa.

Ilula, mbele ya wauza nyanya na vitunguu, tulirudia jaribio. Yangu sasa ilikuwa kahawia safi. Yake ilikuwa imeshika masizi meusi makavu, nikampa kitambaa afute vidole. Kabureta za zamani hazijui ziko wapi. Hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, lakini jeti inapitisha petroli karibu ileile. Morogoro mjini ni kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Iringa ni zaidi ya 1,500. Jeti inayomfaa yeye kwake inanilewesha injini mimi, na yangu ikikaa kule chini kwenye joto itafanya hasa alichokuwa akinionya.

Hapo ndipo alipoanza kuongea. Kumbe naye alikuwa bwana shamba, na XL yake aliipata kwa njia ileile ya baba. Alinionyesha namna ya kusikiliza taimingi cheni, ile cheni iliyo ndani ya injini, kwa bisibisi ndefu, mpini sikioni na ncha kwenye injini, akanishika bega nisogee inapolia. Watoto wa pale walituzunguka wakidhani tumeharibikiwa.

Kwa hiyo, alikuwa yule niliyemtarajia? Nilitarajia kijana mwenye majigambo, nikapata mzee mwenye aibu ambaye majigambo anayaachia simu. Ubishi wake tu ndio ulikuwa uleule.

Jioni ile aliweka kwenye kundi picha za plagi zetu mbili, za Ruaha Mbuyuni na za Ilula. Chini yake aliandika: "Kaka wa Iringa yuko sahihi akiwa Iringa. Akishuka kwetu abadilishe jeti." Hakumwambia mtu yeyote kaka huyo ni nani, na mpaka leo hajasema. Wana kundi wanaosoma gazeti hili, basi ndiyo mmejua.

Msomaji, Iringa