Gavana Mkuu wa India: kanuni, sheria na ordinansi zilitungwa na nani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Kitabu kimoja kinamtaja Warren Hastings kuwa Gavana Mkuu wa kwanza wa India, na kingine kinamtaja William Bentinck. Zaidi ya hapo, nimesoma kwamba sati, yaani desturi ya kumchoma mjane pamoja na maiti ya mumewe, ilipigwa marufuku kwa "kanuni" ya 1829, makosa ya jinai yakapangwa kwa "sheria" ya 1860, na Bhagat Singh, mpigania uhuru wa India, akahukumiwa chini ya "ordinansi" ya 1930. Je, hizi ni ngazi tatu za sheria kama tulizo nazo leo? Na je, gavana aliweza kutunga sheria peke yake?

JIBU: Ndugu Mwalimu, vitabu vyako havigombani, ila vinazungumzia vyeo viwili tofauti. Hastings alishika madaraka mwaka 1774 kwa mujibu wa sheria ya Bunge la Uingereza ya 1773, na cheo chake kamili kilihusu Bengal tu, ingawa alipewa pia usimamizi juu ya Madras na Bombay katika mambo ya vita na mikataba. Bentinck alianza mwaka 1828 akiwa Gavana Mkuu wa Bengal vilevile. Sheria ya 1833 ndiyo iliyokigeuza cheo hicho kuwa cha India, naye akajikuta wa kwanza kukishika bila kuhama kiti. Cheo cha makamu wa mfalme kilikuja baadaye, utawala ulipotoka mikononi mwa Kampuni ya India Mashariki mwaka 1858, na Canning ndiye aliyetangulia kukitumia. Hata hivyo, cheo hicho kilikuwa cha heshima. Sheria ziliendelea kutungwa kwa jina la Gavana Mkuu katika Baraza.

Neno "katika Baraza" lisipitwe haraka. Hastings alikuwa na wajumbe wanne, uamuzi ulifuata wingi wa kura, na watatu kati yao, Clavering, Monson na Francis, walitoka London wakiwa tayari hawamwamini. Kwa miaka miwili mtu tunayemwita mtawala wa Bengal alikuwa akishindwa kura katika meza yake mwenyewe, mpaka Monson alipofariki mwaka 1776 na kura ya ziada ya Hastings, iliyotumika pale kura zilipolingana, ikapata kazi. Cornwallis, aliyeteuliwa mwaka 1786, alikataa kuingia katika mtego huo, na Bunge likampa uwezo wa kupuuza maoni ya baraza lake.

Sasa kuhusu kanuni na sheria: tofauti yake ni ya wakati, si ya ngazi. Leo kanuni hutungwa na waziri chini ya sheria mama, lakini "kanuni" za India ya kabla ya 1834 zilikuwa ndizo sheria zenyewe, na kila makao makuu ya Kampuni, yaani Bengal, Madras na Bombay, yalikuwa na zake. Ndiyo maana Kanuni ya XVII ya tarehe 4 Desemba 1829, ambayo Bentinck aliipitisha kuharamisha sati, ilifika mwisho wa mipaka ya Bengal, na Madras na Bombay zikalazimika kutunga za kwao mwaka uliofuata. Baada ya 1833 uwezo wote ulikusanywa katika baraza moja, na kilichotoka humo kikaitwa sheria, kikipewa namba ya mwaka wake. Macaulay, ambaye wanafunzi wengi humwita gavana, hakuwa gavana kamwe. Alikuwa mjumbe wa sheria katika baraza hilo. Rasimu yake ya makosa na adhabu ilikamilika mwaka 1837, ikakaa kabatini zaidi ya miaka 20, ikapitishwa mwaka 1860 wakati wa Canning kuwa Sheria Namba 45, na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1862. Mwandishi wake alikuwa amekwisha kufa.

Ordinansi ndiyo inayojibu swali lako la mwisho, kwa kuwa hiyo kweli Gavana Mkuu aliitoa peke yake. Sheria ya 1861 ilimruhusu kufanya hivyo wakati wa dharura, kwa muda usiozidi miezi sita. Gavana Mkuu Irwin aliitumia nafasi hiyo tarehe 1 Mei 1930: aliondoa kesi ya Bhagat Singh na wenzake katika mahakama ya kawaida, akaipeleka mbele ya majaji watatu walioruhusiwa kuendelea washtakiwa wasipokuwapo, na akafunga mlango wa rufaa kwa Mahakama Kuu ya Lahore. Ukihesabu miezi utaona haraka ilitoka wapi. Hukumu ilisomwa tarehe 7 Oktoba, na ordinansi ilikuwa imebakiwa na wiki chache tu za uhai.

Palipokuwa na baraza lililochaguliwa, bado Gavana Mkuu alikuwa na njia ya kulizunguka. Mwaka 1923 wajumbe walikataa kodi ya chumvi iongezwe kutoka rupia 1 na ana 4 hadi rupia 2 na ana 8 (ana 16 zilifanya rupia moja) kwa kila maund, kipimo cha takribani kilo 37. Gavana Mkuu Reading akauthibitisha muswada kwa saini yake, na kodi ikatozwa.

Waonye wanafunzi wako kuhusu neno "ordinansi". Katika Kenya na Tanganyika za kikoloni, ordinansi ilikuwa sheria ya kawaida, iliyopita katika Baraza la Kutunga Sheria pale lilipokuwapo, na kudumu mpaka ifutwe. Ordinansi ya namna hii, iliyotungwa Tanganyika mwaka 1920, ndiyo iliyozileta kwetu sheria za India kwa wingi, na Zanzibar na Kenya zilikuwa zimeanza kuzitumia mapema zaidi. Ukitaka mfano wa kuwaonyesha darasani, fungua Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 10, kinachosema ni makubaliano gani huwa mkataba, kisha ufungue ile ya India ya 1872. Namba ya kifungu ni ileile, na maneno karibu yote ni yaleyale.