Usinunue hilo boksi la ndoano kubwa

Mkuu, ghairi hiyo oda leo leo. Umeandika uko Dodoma mjini, wikiendi unataka kuanza kuvua perege bwawa la Hombolo, na kuna muuzaji kakushauri uchukue boksi la ndoano za 1/0 mpaka 4/0 kwa kuwa "kubwa inashika kila samaki". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na hela yangu ikaenda.

Perege ana mdomo mdogo. Chakula chake zaidi ni mwani na vijidudu vya majini, kwa hiyo anadonoa. Mwekee 1/0 yenye mnyoo mzima uone: boya linatetemeka, linatulia, linatetemeka tena, wala halizami. Unajipa moyo kwamba wapo. Ukivuta, ndoano inatoka inang'aa, mnyoo umeliwa wote kuanzia mkiani. Mchana kutwa nimewalisha bure, na pembeni yangu watoto wa pale kijijini wanachomoa perege kwa vindoano huwezi hata kuviona vizuri.

Kinachoniuma zaidi ni namba. Ndoano namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Namba ikipanda, ndoano inapungua. Ukiona mkwaju na sifuri, yaani 1/0, 2/0, 3/0, hapo inageuka: namba ikipanda na ndoano inakua. Nilimuuliza muuzaji aliyeniuzia mimi kuhusu namba 10, akanijibu hiyo ni ya samaki wakubwa wa ziwani! Mtu unauzaje ndoano hujui kusoma kiboksi chake? Au alijua, akataka tu kuondoa mzigo uliomdodea. Hasira haijaniisha mpaka leo.

Kwa perege beba namba 8 na 10, zenye waya mwembamba. Kipande cha mnyoo kisizidi ukucha, ncha ya ndoano ichungulie kidogo. Boya likizama inua mkono taratibu, usikwapue, mdomo wake unachanika.

Hizo kubwa ni za kambale, anayemeza dagaa mzima kule chini kwenye tope, hasa usiku. Siku ukienda kulala bwawa la Mtera, beba chache. Lakini wewe umesema perege.

Ufito, mwanzi wowote ulionyooka unatosha. Kama hujalipa, usilipe. Kama umeshalipa, mpigie muuzaji sasa hivi akubadilishie upate 8 na 10 kabla hajapakia mzigo kwenye basi.