Shangazi, mbona orodha yangu haiishi?

*Shikamoo Shangazi. Nimeajiriwa, jioni nasoma, nina watoto wawili, tena ndiye mweka hazina wa kikundi chetu. Kila asubuhi naandika mambo ya kufanya. Usiku nalala sijamaliza hata nusu, nikijilaumu. Nimejaribu kuamka saa kumi alfajiri, nikaishia kusinzia kazini. Je, mimi ni mvivu? Nifanyeje niyamalize yote? – Mchovu*

Marahaba, mwanangu. Mvivu haamki saa kumi. Ila hutayamaliza yote, na sitaki uendelee kutafuta mbinu ya kuyamaliza, maana haipo.

Tupige hesabu. Wiki ina saa 168. Ukilala kwa muda wa saa saba kila usiku, 49 zimeondoka. Kazi pamoja na safari ya kwenda na kurudi, tuseme 55. Zinabaki 64. Zinaonekana nyingi, lakini humo ndimo mna masomo, kupika, kufua, mtoto kupata homa, simu za wanachama, na wewe mwenyewe kuketi tu. Usingizi usiuguse tena, umeshaona ulichokugharimu.

Kuna jingine. Sisi binadamu tunakadiria muda vibaya. Mwaka 1994 watafiti nchini Kanada walichapisha utafiti uliowauliza wanafunzi wangemaliza tasnifu zao lini. Kwa wastani walitaja siku 34 hivi. Ziliwachukua zaidi ya 55. Kwa hiyo orodha yako ya asubuhi huenda ni ya siku mbili, na wewe unajihukumu kwa siku moja. Andika mambo matatu. La nne lisubiri kesho bila kuomba radhi.

Lakini kufupisha orodha hakutoshi, kwa sababu umebeba majukumu manne makubwa. Lazima moja lipungue. Mimi ningeanza na uweka hazina. Kazi unaihitaji, masomo yana mwisho wake, watoto hawana mama mwingine. Kikundi kina wanachama wengine wanaojua kuhesabu. Waambie mapema, kwenye kikao: “Nitashika hesabu hadi mwisho wa mwezi ujao, kisha nakabidhi.” Taja tarehe, funga vitabu vizuri, mwelekeze atakayekupokea. Usiseme “nitajaribu kupunguza,” watakurudishia mzigo kesho yake. Wapo watakaonuna. Waache wanune, huo ni uchungu wao na utapita.

Kama hilo haliwezekani, basi punguza masomo muhula huu. Kuchelewa kuhitimu kunauma, najua, lakini kuugua katikati ya safari kunauma zaidi.

Hukuniambia kama kuna mtu mzima mwingine humo nyumbani. Kama yupo, mwonyeshe hesabu ya saa 64 leo usiku, kabla ya kikao cha kikundi, mgawane kazi za nyumbani kwa majina na siku. Kisha niandikie alivyokujibu.