Harusi ya uani: tulivyoandaa sherehe yetu bila kamati

Tulifunga ndoa Morogoro mwezi Agosti 2019, na sherehe ikafanyika uani kwa wazazi wangu, kwa wageni 120 na gharama ya shilingi milioni 4 na laki 3, mahari na pete zikiwa kando. Tangu hapo ndugu na marafiki wanaojiandaa kuoa au kuolewa huniuliza tulibana wapi, na wengi wao hutarajia nitaje mapambo ya bei nafuu au gauni la kukodi. Hayo yalikuwepo, lakini hayakuokoa fedha nyingi. Fedha iliokolewa jioni moja tulipokaa wawili na kukubaliana kwamba hatutaunda kamati wala kusambaza kadi za michango.

Sina haja ya kueleza kamati ya harusi ni nini kwa mtu aliyewahi kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi na kukumbushwa ahadi yake asubuhi na jioni. Utaratibu huo umewasaidia wengi ambao peke yao wasingeweza kumlisha hata mgeni mmoja, nami siudharau. Shida yake ni kwamba kila mchango unadai kadi yake. Aliyetoa elfu hamsini ana haki ya kuja kula, na aliyetoa laki moja atakuja na mwenzake. Kwa hiyo kadiri fedha inavyoingia ndivyo idadi ya walaji inavyopanda, ukumbi mdogo unaachwa unatafutwa mkubwa, ukumbi mkubwa unataka mapambo ya kuujaza na mshereheshaji mwenye jina, na wiki ya mwisho mweka hazina anasimama kikaoni kutangaza upungufu. Nimekaa kwenye kamati nne za namna hiyo, na zote nne zilimaliza na deni.

Kuwaeleza wazee ndiko kulikokuwa kazi. Shangazi yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, miaka ishirini nachangia harusi za watu. Leo zamu yetu imefika, ninyi mnaifuta?” Hoja yake ilikuwa ya kweli, maana mchango ni akiba inayowekwa kwa watu, na sisi tulikuwa tunamnyima nafasi ya kuidai. Tulichokubaliana hatimaye ni kwamba ndugu wa karibu wangeleta vitu badala ya fedha. Shangazi alileta mchele kilo 25 kutoka Ifakara, baba mkubwa akatoa mbuzi wawili, na mjomba akabeba mzigo wa vinywaji. Kila mmoja alionekana ametoa, na hakuna aliyepata kadi za kugawa kazini kwake. Anayetaka kufuata njia hii azungumze na wazee ana kwa ana na mapema, kabla uvumi haujawafikia. Sisi tulichelewa kwa upande wa mume wangu, na lawama zake tunazisikia mpaka leo.

Kuhusu tarehe, mtu anayefanyia sherehe nje asijaribu miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei. Wakristo wengi pia hawafungi ndoa wakati wa Kwaresima, kwa hiyo baada ya Pasaka kila mwenye turubai na kila fundi muziki huwa ameshakodiwa. Sisi tulichagua tarehe 8 Agosti, sikukuu ya Nane Nane, ambayo mwaka huo iliangukia Alhamisi: watu hawaendi kazini, mvua hakuna, na viti tulivipata kwa bei ndogo kuliko ya Jumamosi. Tulijiona wajanja, tukasahau kwamba Morogoro ina viwanja vya maonesho ya Nane Nane na kwamba wiki hiyo nyumba za wageni hujaa. Wageni 14 kutoka Dar es Salaam walilala kwa majirani, wengine kwenye mikeka sebuleni.

Kisheria mambo ni machache kuliko tunavyojitwisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe walau siku 21 kabla, na ndoa ifungwe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Keki haimo. Hata hivyo, tulimwandikia barua mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuhusu sherehe na muziki.

Kazi ambayo sikubali ifanywe na ndugu ni mapishi. Shangazi na dada zako wanajua kupika pilau, lakini pilau ya watu zaidi ya mia juu ya mafiga ni ufundi mwingine, na isitoshe hao ndio unaotaka wakae wakiwa wamejifunga vitenge vyao vya sare. Tulimlipa mpishi pamoja na wasaidizi wake watatu. Alihesabu kilo moja ya mchele kwa watu sita, akahesabu pia wahudumu na fundi muziki, ambao sisi tulikuwa tumewasahau kabisa. Soda tulichukua kreti 10 kwa makubaliano kwamba zisizofunguliwa zirudi dukani. Zilirudi mbili, na amana ya chupa tukarejeshewa.

Mapambo nilitaka niyafanye mwenyewe, na hapo ndipo nilipokosea. Makuti mabichi ya mnazi langoni na vitambaa vyeupe kutoka Kariakoo, ambavyo baadaye niliviuza kwa bibi harusi mwingine, vilipendeza. Lakini saa tatu asubuhi nilikuwa bado juu ya ngazi, funguo za stoo zikiwa shingoni kwangu, huku msusi akinisubiri. Nilifika kanisani nimechelewa kwa dakika arobaini. Mapambo yamalizike jana yake, na funguo akabidhiwe mtu mmoja ambaye si bibi harusi wala mama yake.

Vyombo vya kukodi vihesabiwe vinapoingia na vinapotoka, mbele ya mwenyewe. Sisi tulihesabu vikiingia tu, na Ijumaa tukalipia sahani 11 zilizopotea. Wiki mbili baadaye jirani alituletea tatu, akaeleza kwamba watoto walibebea pilau ya bibi yao. Kwa kuwa tulikwisha kuzilipia, zimo kabatini kwetu mpaka sasa, na ndizo tunazotumia shangazi akija.