Ndege ya 747 na zabuni iliyoshindwa: kwa wanaoanza kusoma usanifu wa ndege

Karibu kila mwaka nasoma sentensi ileile katika kazi za wanafunzi wapya: kwamba Boeing 747 ni ndege ya mizigo iliyokataliwa na jeshi, kisha ikawekewa viti vya abiria. Nami niliiamini, hadi mwalimu wangu aliponitaka nilaze mezani michoro miwili, wa pendekezo la Boeing kwa jeshi na wa 747, na nimwoneshe, kipande kwa kipande, kilichohama kutoka mmoja kwenda mwingine. Nawaomba nanyi muanzie hapo.

Mwaka 1965, katika zabuni ya ndege kubwa ya mizigo, Jeshi la Anga la Marekani lilichagua pendekezo la kampuni ya Lockheed, lililozaa C-5 Galaxy, na Boeing na Douglas wakashindwa. Upande wa injini alishinda General Electric, na Pratt & Whitney akabaki na utafiti usio na ndege ya kuubeba. Aprili 1966 shirika la ndege la Pan Am, chini ya Juan Trippe, iliagiza 747 zipatazo 25 kwa dola milioni 525.

Ukitazama michoro, bawa ndilo la kwanza kukukanusha. Jeshi lilitaka sakafu iliyo karibu na ardhi ili magari yapande moja kwa moja, kwa hiyo bawa lilikaa juu ya kiwiliwili. La 747 limepita chini ya sakafu ya abiria. Joe Sutter, aliyeongoza usanifu wake, alitoka kwenye mradi wa 737, wala si kwenye zabuni ile, na alisisitiza kuwa ndege yake ilichorwa upya.

Kilichohama kweli ni injini. Feni kubwa iliyo mbele husukuma hewa nyingi ipite nje ya kiini cha injini, na kusukuma hewa nyingi kwa mwendo wa wastani hula mafuta machache kuliko kufyatua hewa kidogo kwa kasi kubwa. Zabuni ya jeshi ndiyo iliyozifanya kampuni zigharimie injini za ukubwa huo, na kutokana na kazi yake iliyoshindwa Pratt & Whitney aliunda JT9D, ambamo hewa ya pembeni ni takriban mara tano ya ile ya kiini. Bila injini ya namna hiyo, ndege ya abiria yenye uzito unaozidi tani 300 isingekuwa na maana kibiashara.

Upana wa 747 una chanzo chake chenyewe, na ni vyema mkipate kwa mikono yenu. Chora makontena mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu, kila moja likiwa na upana na kimo cha mita 2.44, kisha yazungushie duara kwa bikari: kipenyo kitakaribia mita 5.5 kabla hujaongeza nafasi ya kuta. Wakati ule wengi waliamini kwamba ndege za kasi kuliko sauti zingewachukua abiria, na 747 ingeishia kubeba mizigo. Ndiyo sababu chumba cha rubani kilipandishwa juu, ili pua iweze kufunguka.

Mkishamaliza, fuatilieni pia upande wa mshindi. Lockheed alijaribu kuuza C-5 ya kiraia kwa jina la L-500, asipate wanunuzi. Lakini injini ya General Electric iliyoshinda, TF39, ilizaa CF6, na CF6 ndiyo iliyoirusha DC-10, ndege ya Douglas aliyekuwa ameshindwa, ilipoanza kubeba abiria mwaka 1971.