Kabla hujanunua turbo ya tatu, tazama mpira wa kurudishia oili

Msomaji wa Wete ameniandikia: Land Cruiser yake ya injini ya dizeli ya 12H-T, silinda 6 za mstari mmoja, inafuka moshi wa bluu, yaani oili inaungua, kila akingoja meli Mkoani na injini inanguruma. Turbo, ile feni inayozungushwa na gesi ya eksosi ili isukume hewa injini, keshabadilisha mara mbili. Anauliza duka gani Darajani lina turbo nzuri. Sheikh wangu, pesa hizo ziweke kwanza.

Kila siku nalisema hili: ndani ya turbo hamna oili sili ya mpira kama ya krenki. Kwenye shafti mna pete nyembamba za chuma, jamaa zake pistoni ringi, na kazi yake hasa ni kuzuia gesi ya eksosi na hewa ya kompresa (upande wa turbo unaosukuma hewa) zisiingie kwenye beringi. Oili yenyewe haivuji kwa sababu ina njia ya kuanguka. Inaingia kwa presha ya pampu, inapita kwenye shafti inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inatoka imechapwa kama povu la sabuni, presha imekwisha. Kinachoirudisha kwenye sampu, chano cha oili chini ya injini, ni uzito wake tu. Ikikuta kizuizi inajaa mpaka kwenye pete, na pete haziwezi kitu. Turbo mpya itavuja vilevile.

Basi anzia chini. Mpira wa kurudishia, unaoteremsha oili kutoka turbo hadi sampu, uwe na tundu la ndani la milimita 16 hadi 19, ushuke wima au uiname usizidi digrii 35, usiwe na tumbo lililolala. Uingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Waliochomelea paipu chini kabisa ya sampu wameizamisha, na anayejaza oili kupita alama ya juu anajiletea maradhi hayohayo.

Ukivua mpira wa zamani, ukate kwa urefu. Ukiwa umewekwa mpira wa maji ya rejeta, ndani utaona tabaka limevimba na kubanduka, limening'inia kama ulimi. Nje mzima kabisa! Weka mpira unaostahimili oili ya moto. Gasketi ya chini ya turbo iwe ya karatasi, tundu lake lilingane na la turbo. Silikoni hapana. Inayominywa kwa nje unaifuta, inayominywa kwa ndani huioni, na hiyo ndiyo inayoziba.

Halafu injini yenyewe. Iwashe, fungua kifuniko cha kujazia oili, kiweke juu ya tundu kichwa chini. Kikirukaruka, ringi zimechoka au bomba la kupumulia la injini limeziba, na upepo wa ndani unaisukuma oili irudi juu.

Kuthibitisha: vua ncha ya chini ya mpira, ielekeze kwenye dumu lililo wazi, ziba tundu la sampu, washa taratibu kwa sekunde 20 hivi huku ukichunga oili isipungue mno. Ikimiminika bila kukatika, turbo inamwaga vizuri na tatizo liko kwenye sampu au upepo wa injini. Usihukumu kwa moshi hapo hapo. Eksosi iliyolowa oili hufuka hata nusu saa baada ya kupona.

Oili ikikutwa upande wa kompresa, tazama chujio la hewa. Likijaa vumbi, kompresa inavuta kwa nguvu na oili inavutwa pamoja. Utando mwembamba tu ni wa kawaida, unatoka kwenye bomba la kupumulia.

Na wale wanaobana paipu ya kuingizia oili ili moshi upungue, hilo ni kosa kubwa. Turbo ya beringi za kawaida kama CT26 inaitaka oili hiyo yote. Ukiibana, moshi utakata na shafti itakata nyuma yake.

Siku ya kufunga, pasha washa za shaba mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize majini, zitalainika na kuziba upya. Mimina oili safi kwenye tundu la juu la turbo huku ukizungusha shafti kwa kidole. Kata dizeli isifike injini, piga stata sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izimike, ndipo uwashe. Kisha shika mpira wa kurudishia: baada ya dakika chache uwe wa moto kutoka juu hadi chini. Ukiwa moto juu na baridi chini, zima haraka.