Muulize Fundi wa Meli: Pamba mbele ya mizinga

SWALI: Shikamoo mzee. Nimesoma kuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, usiku wa Aprili 16, 1863, meli za Kaskazini zilishuka mto Mississippi zikapita mbele ya mizinga ya Vicksburg, mji wa Kusini kando ya mto huo, zikiwa zimekingwa kwa pamba. Pamba si inashika moto? Na kwa nini baadaye hazikurudi tu zilikotoka? – Msomaji, Sengerema

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Mtoto wa Sengerema unaniuliza pamba? Nenda kwenye kinu chochote, tafuta robota lililokazwa na mashine, ulichome kisu. Kitaingia kidogo, kisha kitagoma. Tulipokuwa tunapakia pale Mwanza Kusini, aliyedondokewa na robota mguuni hakusema ni pamba.

Walilokuwa wakilikinga mabaharia wale ni boila, tangi la kuchemshia maji yanayotoa mvuke wa kuendesha injini. Mwaka mmoja nyuma, huko kwenye ngome ya Fort Henry, kombora lilitoboa boila la manowari Essex, mvuke ukawaunguza watu humo ndani. Mimi niliyekaa chumba cha injini nusu ya umri wangu, hapo nawaelewa kabisa. Lakini na wewe hujakosea: Henry Clay, meli ya mizigo, pamba yake ilishika moto usiku uleule na meli ikapotea. Watu wa Kusini nao walikuwa wamechoma nyumba za ng'ambo ili wapate mwanga wa kulengea.

Kuhusu kurudi, hapo unawaza kama mtu wa ziwani. Mimi injini iliwahi kunizimikia kati ya Kigongo na Busisi. Ziwa lilikuwa shwari, tukabaki palepale, tukafungua chujio la mafuta, chai tukanywa. Mississippi haikupi nafasi hiyo. Manowari zile zilivikwa chuma, nzito, injini hazina nguvu ya kutosha. Kushuka, mkondo unakusukuma. Kupanda, ungetambaa mbele ya mizinga ile ile huku wanakuhesabu. Admirali Porter, mkuu wa meli hizo, alimwambia mapema Jenerali Grant, mkuu wa jeshi la Kaskazini pale: zikishashuka, asitegemee kuziona zikipanda tena.

Grant alikubali, maana askari wake walikuwa wanateremka kwa miguu upande wa magharibi, na bila vyombo huko mto unakoelekea, baada ya kuupita mji, wasingevuka. Aprili 30 wakavushwa hadi Bruinsburg, ng'ambo ya mashariki. Vicksburg ilisalimu amri Julai 4. Yaliyotokea katikati ni mambo ya nchi kavu, waulize wanajeshi.